Pembe ya Shuka

Katika hospitali ya Rochford, huko Essex nchini Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na desturi yake. Siku zikiwa na joto aliwatoa watoto njiti wodini, akawapeleka uani wakapate jua na hewa safi. Siku moja ya kiangazi mwaka 1956, madaktari walipokuwa wakipita wodini, alimfunua mtoto mmoja mbele ya Dk. R. H. Dobbs. Mwili wa mtoto ulikuwa umepauka, isipokuwa pembetatu moja ya ngozi iliyokolea manjano. Daktari alidhani mtoto kapakwa dawa. Kumbe pale ndipo palipokuwa pamefunikwa na pembe ya shuka.

Wiki chache baadaye, damu ya mtoto mwingine mwenye ugonjwa wa manjano iliachwa dirishani, juani. Ilipopimwa, bilirubini, yaani kemikali inayoipa ngozi umanjano huo, ilikutwa kidogo mno. Ikachukuliwa damu nyingine kwa mtoto yuleyule, na kiwango kikawa juu sana. Hapo daktari kijana Richard Cremer na wenzake, Perryman na Richards, wakatambua kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja: mwanga hupunguza bilirubini. Wakatengeneza kitanda chenye taa za buluu, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Mwanga wa buluu hubadili umbo la bilirubini, ikaweza kutoka kwa nyongo na mkojo hata kama ini halijakomaa.

Watoto wengi hupata manjano siku za mwanzo, kwa kuwa chembe nyekundu za damu huvunjika kwa wingi na kutoa bilirubini, na ini bado ni changa. Kwa wengi hupungua yenyewe. Ikizidi, bilirubini hupenya ubongoni, na mtoto akinusurika kifo huweza kubaki na uziwi au mtindio wa ubongo. Kabla ya taa, tegemeo lilikuwa kubadilisha damu ya mtoto kupitia mshipa wa kitovu, njia iliyoenezwa na Louis Diamond wa Boston miaka ya 1940. Iliokoa wengi, ila yenyewe ilikuwa na hatari zake.

Hata hivyo, madaktari wa Marekani walichukua muongo mzima kuziamini taa. Ni Jerold Lucey wa Vermont aliyewageuza, kwa utafiti wake wa mwaka 1968 uliolinganisha njiti waliowekwa chini ya taa na wasiowekwa.

Tiba ikapatikana, likabaki swali la kumjua mapema mtoto anayeihitaji. Jicho hudanganya, hasa kwenye ngozi nyeusi. Mwaka 1980 Wajapani walitangaza kifaa cha kupima manjano kwa kukigusisha kwenye ngozi, bila sindano. Mwaka 1999 Vinod Bhutani na wenzake wa Philadelphia wakatoa chati inayosoma bilirubini kwa umri wa mtoto kwa saa, kwani kiwango cha kawaida kwa mtoto wa siku nne chaweza kuwa hatari kwa wa siku moja.

Afrika Mashariki, mzazi aliyetoka leba huambiwa amwoteshe mtoto jua la asubuhi. Ushauri huo unafanana na mazoea ya Sista Ward, lakini jua tupu halina kipimo: huunguza, hutia joto kupita kiasi, na humpotezea muda mtoto anayehitaji taa. Lagos, Nigeria, watafiti walitafuta njia ya katikati. Walijenga vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi maalumu ya plastiki inayozuia miale yenye madhara na kupitisha mwanga wa buluu. Matokeo yao ya mwaka 2015, kwa watoto 447, yalionyesha kwamba jua lililochujwa hivyo, chini ya uangalizi wa wauguzi, halikushindwa na taa za umeme.

Vibanda hivyo ni vya hospitali, na mtoto hufikishwa huko na aliyemwona nyumbani. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, yakifika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, apelekwe siku hiyohiyo.