Duksi, malisho au darasa? Uamuzi mgumu wa mzazi Tarbaj

TARBAJ, katika Kaunti ya Wajir, ni nchi ya wafugaji wa ngamia, mbuzi na kondoo kando ya barabara iendayo Mandera. Hapa, swali la iwapo mtoto asomee nyumbani au apelekwe shuleni ni la tangu zamani.

Mtoto wa mfugaji huanzia masomo kwao. Wazazi humfundisha kufuata nyayo za mifugo, kutambua malisho na kukadiria mwendo hadi kisimani. Katika duksi, yaani chuo cha Kurani, huandika aya kwenye ubao wa mti kwa wino wa makaa, kisha akazihifadhi moyoni. Familia zikihama, maalimu huhama nazo, na aghalabu hulipwa kwa mifugo.

Shule ya serikali, kinyume chake, hukaa mahali pamoja. Karo katika shule za msingi za umma iliondolewa mwaka 2003, lakini gharama inayomlemea mfugaji ni kupoteza wachungaji. Akiwapeleka watoto wote darasani, mifugo hubaki bila mwangalizi; akiwazuia wote, amewafungia milango ya ajira. Ndiposa familia nyingi hugawa watoto: mmoja huachwa kwa jamaa kituoni asome, mwingine akafuata ngamia. Mara nyingi anayebakizwa ni msichana, na hapo mgawo hugeuka kuwa dhuluma.

Sheria haitambui mgawo huo. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, la sivyo aweza kushtakiwa. Sheria iyo hiyo ilianzisha baraza la kitaifa la elimu ya wafugaji wa kuhamahama, NACONEK.

Njia za kati zipo. Katika shule za kuhamahama, mwalimu huandamana na familia na kufundisha madarasa ya chini kwa saa zisizogongana na kazi za mifugo. Baadaye mwanafunzi hujiunga na shule ya bweni. Maktaba ya ngamia, iliyoanzishwa Garissa mwaka 1996, ilipeleka vitabu hadi vijijini kwa mtindo uo huo.

Lakini njia hizo zahitaji walimu. Baada ya abiria 28 wa basi, wakiwemo walimu, kuuawa karibu na mji wa Mandera mnamo Novemba 2014, walimu wengi wasio wenyeji walilihama eneo la kaskazini mashariki. Mzazi aliyetii sheria alijikuta amepeleka mtoto kwenye darasa lisilo na mwalimu.

Kwa hivyo, kumlaumu mfugaji pekee ni kukosea. Duksi na shule zaweza kwenda pamoja. Mzazi ana wajibu wa kutombagua binti. Serikali nayo ina wajibu wa kuhakikisha mtoto afikapo darasani, anamkuta mwalimu.