Dispensari ya Mizingani: chini dawa, juu wapangaji



Kila yakitajwa majumba ya Mji Mkongwe kugeuzwa maduka, watu hulalamika, na mara nyingi wana haki. Lakini mimi leo nataka kulitetea jengo moja, ile Dispensari ya Mizingani, hapo karibu na Mtini, inayotazama bandarini.

Aliyelianzisha ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, Ismailia, aliyekuwa mkuu wa forodha ya Sultani. Jiwe la msingi aliliweka 1887 kwa ajili ya jubilei ya Malkia Victoria, na nia ilikuwa hospitali ya maskini. Akafariki 1891 jengo halijesha, mjane wake akaendeleza mpaka 1894. Zile roshani za mbao zilizochongwa, wallahi, ukizitazama utadhani uko Gujarat!

Hospitali haikuwa kama alivyokusudia mwenyewe. Baadae jengo likanunuliwa na wakfu wa Haji Nasser Nur Mohamed, Khoja Ithnaasheri, ndio likaitwa Dispensari. Chini dawa, juu nyumba za kupangisha. Hapa ndipo pa kuangalia vizuri: wapangaji hawakuletwa na watalii, bwana. Walikuwemo humo humo tokea enzi za wakfu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa la Serikali. Mvua ikaingia, boriti zikaoza, roshani zikalegea. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalikarabati, likafunguliwa kuwa kituo cha utamaduni, na ndani yake maduka na ofisi. Jengo la chokaa na mawe linataka kutazamwa kila mwaka, na kazi hiyo haifanyiki bila ya fedha. Beit el Ajaib, hatua chache tu kutoka hapo, ilifungwa 2012 baada ya sehemu yake kuanguka, na tarehe 25 Disemba 2020 ikaporomoka na kuua watu.

Kwa hivyo maduka mimi sina ugomvi nayo. Ninachokidai ni ile haki ya mgonjwa asiye na senti, maana jengo lilijengwa kwa ajili yake na katika ukarabati hakurudishiwa kitu. Chumba kimoja cha chini kingetosha: daktari, mizani ya watoto, na benchi la kungojea.