Ukaguzi wa Makazi ya Wazee: Mambo Yanayochunguzwa na Nafasi ya Mwananchi

Makazi ya wazee ni mahali ambapo mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, asiye na ndugu wa kumtunza au asiyeweza kutunzwa nyumbani, hupatiwa malazi, chakula, matibabu na uangalizi wa kila siku. Kwa Tanzania Bara, makazi yanayoendeshwa na Serikali yapo katika mikoa mbalimbali, yakiwemo Nunge jijini Dar es Salaam, Kolandoto mkoani Shinyanga, Njoro mkoani Kilimanjaro, Fungafunga mkoani Morogoro, Bukumbi mkoani Mwanza, Sukamahela mkoani Singida na Ipuli mkoani Tabora. Zanzibar inafahamika kwa makazi ya Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja na Limbani kwa upande wa Pemba. Mbali na hayo, yapo makazi yanayoendeshwa na taasisi za dini na mashirika ya kiraia.

Makazi hayo hutofautiana kwa ukubwa, kwa umri wa majengo na kwa uwezo wa fedha, lakini wengi wa wanaoishi humo hawana pengine pa kwenda. Mgeni wa hoteli akiudhika hulipa akahama, na mgonjwa wa hospitali hutarajia kuruhusiwa. Mzee asiye na ndugu, ambaye hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa mkono, humtegemea anayemhudumia kwa kila kijiko cha uji na kila tendo la usafi. Huduma ikiharibika, yeye ndiye wa mwisho kusikika. Kwa sababu hiyo makazi hayawezi kuachwa yajikague yenyewe.

Msingi wa wajibu huu upo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ambayo katika Ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kuwezesha watu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka mwelekeo wa huduma kwa kundi hili, nayo Zanzibar ilitunga Sheria ya Mambo ya Wazee mwaka 2020. Katika ngazi ya kimataifa, Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 1991 kanuni zinazohusu wazee, ambazo zimejengwa juu ya uhuru, ushiriki, matunzo, kujiendeleza na utu. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mjini Addis Ababa, tarehe 31 Januari 2016, Itifaki ya Haki za Wazee, iliyoanza kutumika tarehe 4 Novemba 2024 baada ya kuridhiwa na nchi 15. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kuwa huduma za makazini ni za hiari, zinamudika na zinafikia viwango vya chini vilivyowekwa kitaifa.

Ukaguzi wenyewe haufanywi na ofisi moja. Masuala ya malezi na ustawi huangaliwa na maafisa ustawi wa jamii, kuanzia ngazi ya halmashauri hadi wizara yenye dhamana. Afisa afya wa eneo huangalia jiko, maji, vyoo na utupaji wa taka chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua tahadhari za moto. Wauguzi wanaofanya kazi humo wanapaswa kuwa wamesajiliwa na kuwa na leseni hai kutoka katika baraza lao la kitaaluma. Macho haya yote yasipokutana, kila ofisi huamini kuwa nyingine imeona.

Ukaguzi unaanzia wapi

Mkaguzi mwenye uzoefu haanzii ofisini kwa afisa mfawidhi. Majalada yanaweza kusubiri. Huanzia mahali ambapo mambo hayapangiki upya kwa nusu saa, yaani jikoni, chooni na kando ya kitanda cha mzee aliye mgonjwa kuliko wote.

Jikoni swali la kwanza si chakula gani kimepikwa leo, kwa kuwa siku ya ugeni hupikwa kilicho bora. Huangaliwa stoo: unga uliopo unatosha siku ngapi, maharage yana wadudu au la, dagaa wamehifadhiwa wapi, na mafuta yaliyoandikwa kuingia wiki iliyopita yamebaki kiasi gani. Huulizwa pia mzee asiye na meno hupewa nini wenzake wanapokula makande, na mwenye kisukari hupikiwa vipi.

Baada ya jiko hufuata daftari la uzito, ambalo kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndilo nyaraka ya kweli kuliko zote katika makazi. Orodha ya vyakula inaweza kupambwa, lakini mwili wa mzee haupambiki. Wataalamu huchukulia kupungua kwa asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, kuwa dalili ya hatari inayohitaji uchunguzi. Mzee aliyekuwa na kilo 60 mwanzoni mwa mwezi na sasa ana kilo 57 amefikia kiwango hicho. Huenda anaumwa, huenda meno yanamsumbua, au sahani huwekwa mbele yake na kuondolewa bila mtu kumlisha. Asiyeweza kusimama kwenye mizani hupimwa mzunguko wa sehemu nene ya mguu chini ya goti kwa utepe wa kawaida. Ukiwa chini ya sentimita 31, lishe yake inatiliwa shaka. Utepe huo hauna gharama kubwa, hivyo ukosefu wa fedha si sababu ya kutopima.

Ngozi, dawa na kuanguka

Kwa mzee asiyeweza kujigeuza, mkaguzi akiambatana na muuguzi, na kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, huomba kuona visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Hapo ndipo huanzia vidonda vya mgandamizo, vinavyotokana na kulalia upande mmoja kwa muda mrefu. Vitabu vingi vya uuguzi huelekeza kutafuta wekundu usiopotea ngozi inapobonyezwa. Maelekezo hayo hayatoshi kwetu, kwa kuwa katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Hutakiwa kugusa na kulinganisha: sehemu hiyo ni ya moto kuliko inayoizunguka, ni ngumu, au imebadilika na kuwa nyeusi zaidi? Kidonda kikishafunguka, kupona huchukua muda mrefu na kinaweza kuingiza maambukizi kwenye damu. Kwa hiyo huulizwa ratiba ya kugeuzwa: nani alimgeuza usiku wa jana, saa ngapi, na ameandika wapi.

Dawa huhesabiwa. Hakuna njia nyingine. Mzee aliyekabidhiwa vidonge 30 vya shinikizo la damu, kimoja kwa siku, akiwa amemeza cha siku ya kumi na tatu anapaswa kubaki na vidonge 17. Vikibaki 24, amekosa dozi saba hata kama daftari lina alama ya vema kila siku. Vikibaki vitano, yupo mtu mwingine anayevitumia au kuvitoa nje. Dawa za usingizi na za kutuliza huangaliwa kwa uangalifu wa pekee, maana hutokea zikatolewa si kwa ajili ya ugonjwa bali kwa ajili ya utulivu wa zamu ya usiku. Vivyo hivyo mzee kufungwa kwa kamba au shuka kwenye kitanda au kitimwendo ni jambo linalopaswa kuripotiwa papo hapo, na maelezo kuwa anasumbua au anapotea njia hayatoshi kulihalalisha.

Kuanguka ndilo tukio linalofichwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mkaguzi hutembea njia ambayo mzee huipita usiku kutoka kitandani hadi chooni na kuhesabu hatua. Taa ipo? Sakafu ina maji? Choo ni cha kuchuchumaa bila chuma cha kushikilia? Kandambili zimechakaa? Kisha huomba daftari la matukio. Makazi yenye wazee wengi na daftari lisilo na hata mtu mmoja aliyeanguka kwa mwaka mzima hayastahili pongezi. Yanastahili kuulizwa maswali zaidi.

Maji ya kuoga nayo yasisahaulike. Mahali pengi hupashwa kwenye sufuria na kuchanganywa kwa kukisia. Mzee mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hawezi kusema yanaunguza.

Usiku wa saa nane

Idadi ya wahudumu huonekana nzuri mchana. Swali la maana ni nani yupo saa nane usiku, na ana uwezo gani. Katika usalama wa moto, mtungi wa kuzimia wenye lebo ya ukaguzi ni mwanzo tu. Madirisha yetu mengi yana nondo na milango hufungwa kwa kufuli kwa kuhofia wezi. Funguo ziko wapi na nani anazijua? Mhudumu wa zamu huombwa aoneshe kwa vitendo, bila kumsumbua mzee, jinsi atakavyomtoa nje mtu asiyetembea. Aliyefundishwa ataeleza namna ya kumshusha pamoja na godoro au shuka na kumburuta sakafuni. Asiyefundishwa atasema atapiga simu. Namba ya dharura ya zimamoto, 114, ni sharti ifahamike, lakini moshi hausubiri gari lifike.

Kumsikiliza mzee

Hakuna sehemu ya ukaguzi iliyo ngumu kuliko mazungumzo. Mzee akiulizwa mbele ya wahudumu kama anatunzwa vizuri, atajibu kuwa anatunzwa vizuri. Anajua mgeni ataondoka na yeye atabaki. Mkaguzi hulazimika kuketi naye faragha, kumwamkia ipasavyo, kuzungumza kwa lugha anayoielewa, hata ikibidi kutafuta mkalimani wa lugha yake ya asili, na kuuliza mambo madogo: jana ulikula nini, ulioga lini, ukiita usiku nani huja, pensheni au fedha zako anazishika nani. Hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa, katika tafiti zilizofanywa kwenye taasisi za matunzo, takriban watumishi wawili kati ya watatu walikiri kuwa wamewahi kumtendea mzee isivyostahili ndani ya mwaka mmoja uliotangulia. Takwimu hiyo isichukuliwe kuwa watumishi ni watu wabaya. Uchache wao, zamu ndefu na ukosefu wa mafunzo huchangia, na ukaguzi wa haki huwauliza wao pia kuhusu mishahara, mapumziko na glavu.

Kuhusu taarifa ya ujio, nchi kadhaa zimechagua ziara za kushtukiza. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1987 iliyofanya mageuzi katika nyumba za uuguzi inataka ukaguzi usiotangazwa, na muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine usizidi miezi 15. Uingereza, tume inayosimamia ubora wa matunzo tangu mwaka 2009 huuliza kama huduma ni salama, ina ufanisi, ina utu, inajibu mahitaji na inaongozwa vizuri, kisha taarifa ya kila makazi huwekwa wazi kwa umma. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye manufaa zaidi, kwa kuwa familia huweza kusoma kabla ya kumpeleka mzazi.

Hapa nchini, ziara nyingi katika makazi ni za wadau wanaopeleka unga, mchele, sukari na sabuni. Misaada hiyo inahitajika na inathaminiwa. Hata hivyo, siku ya kupokea misaada si siku ya ukaguzi, na picha za makabidhiano haziwezi kuwa ushahidi kwamba mzee wa chumba cha mwisho amegeuzwa usiku.

Mwananchi afanye nini

Ndugu, jirani, kiongozi wa dini au mdau anayetembelea makazi anaweza kuona dalili kabla ya mkaguzi: harufu ya mkojo isiyoisha, kucha ndefu, midomo iliyokauka, michubuko isiyo na maelezo, mzee anayenyamaza mhudumu anapoingia. Dalili moja si uthibitisho. Zikikaririwa, taarifa itolewe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika au kupitia baraza la wazee la eneo, na pale ambapo maisha yako hatarini, polisi kwa namba 112. Taarifa itaje jina la makazi, tarehe, saa na kilichoonekana kwa macho, ikitenganishwa na kilichosikika. Picha za mzee zisisambazwe mitandaoni, kwani humvunjia faragha na huweza kuharibu uchunguzi.

Mtoa taarifa ana haki ya kuulizia hatua zilizochukuliwa. Ukaguzi ukibaini kasoro, makazi hupaswa kupewa maelekezo ya maandishi yenye tarehe ya mwisho, na mkaguzi hurejea kuthibitisha. Katika marejeo hayo mtu wa kwanza kutembelewa ni yule mzee aliyezungumza, ili kuona kama bado analala katika kitanda kilekile na anapata chakula kilekile kama wenzake.