Kinanda cha Kicharazio

Mwezi uliopita, nikiwa Kibondo kwa shughuli zangu binafsi, kijana mmoja wa kwaya alinijia na karatasi mbili zilizobanwa pamoja, alizozipata katika mafunzo ya kompyuta, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniomba nimfasirie sentensi moja iliyomshinda, ilhali sentensi yenyewe, kwa madai ya walioiandika, ilikuwa tayari ni ya Kiswahili. Ilimwamuru mwanafunzi "abonyeze bonye za baobonye ili kuzalisha sauti za piano pepe". Insafu inanilazimu niseme kwamba kijana yule hakuwa mjinga wa jambo lenyewe: kwa miezi kadhaa alikuwa akijifundisha mapambio kwa kompyuta kuukuu ya mjomba wake, vidole vikitembea juu ya herufi kama vitembeavyo juu ya kinanda cha kanisani, ambacho hufungiwa kabatini mpaka Jumapili. Tendo alilijua, jina ndilo lililomtoa jasho. Nami, niliyeutumia umri wangu mwingi katika kuifundisha lugha hii, nilitoka jasho pamoja naye, ila langu lilikuwa la ghadhabu.

Tuanze na baobonye, jina walilokipa kibao cha vitufe vya kompyuta, maana ndilo kosa kubwa. Lugha yetu ina kanuni zake za kuunganisha maneno, nazo si siri ya wateule: husema kipimajoto, kinasasauti, kifunguamimba, kitenzi kikitangulia na jina likifuata, kila upande ukiwa mzima. Baobonye limeanza na jina zima likaishia kwa kitenzi kilichokatwa mkia, kwa kuwa bonyea tunalijua na bonyeza tunalijua, lakini bonye halikuwahi kuwa neno kabla ya kuitiwa kikao. Fauka ya hayo, kubonyea ni kuingia ndani kwa kitu laini kinapogandamizwa, kama lile parachichi ambalo mama wa sokoni Kasulu hukukataza kulibonyeza ikiwa huna nia ya kulinunua. Kitufe cha kompyuta hushuka na kurudi mahali pake salama, bila kubaki na alama ya kidole. Ama bao, kila aliyekaa barazani anajua kuwa lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64, lina nyumba, kichwa na kimbi, na tangu lilipochongwa la kwanza hakuna aliyewahi kulibonyeza.

Yuko mwenzangu mmoja, ambaye kwa heshima ya urafiki wa zamani simtaji, anayekubaliana nami juu ya ubaya wa baobonye, kisha akaja na balaa jingine: "ubao wa funguo". Hoja yake ni kwamba Waingereza nao huviita vitufe hivyo funguo, na hilo ni kweli, wala halikuanza nao, kwa kuwa waandishi wa muziki wa kanisa huko Ulaya, katika zama za Kilatini, waliziita herufi za sauti *claves*, yaani funguo, na jina likahama taratibu kutoka kwenye herufi hadi kwenye vibao vilivyopigwa kwa vidole. Lakini Wafaransa hawakuufuata ufunguo huo katika kitufe chenyewe, walikiita kiguswacho. Wajerumani na Wataliano nao walishika njia hiyo ya kugusa. Sasa sisi, tusio na deni lolote kwa *claves*, kwa nini tubebe mzigo wa watu? Ukiingia katika nyumba ya wageni yoyote ya Kasulu ukaomba uonyeshwe ubao wa funguo, utapelekwa mapokezi, penye kipande cha mbao kilichogongomewa misumari, kila msumari ukining'iniza ufunguo wenye kibati cha namba. Na hapo hutapata wimbo, utapata chumba.

Ama pepe, neno hili nililivumilia katika barua pepe, kwa sababu barua isiyo na karatasi inapeperuka kweli, na watu wamelizoea. Ila sasa limekuwa kama chumvi ya mpishi mlevi: uhalisia pepe, darasa pepe, na leo piano pepe. Waliolitia neno hili kila mahali wangeshuka katika mabonde ya Malagarasi wakati wa kupepeta mpunga, wangesikia pepe ni kitu gani kwa mkulima: ni punje isiyo na kiini, ganda tupu linalokwenda na upepo huku mpunga wenyewe ukibaki katika ungo. Kumwambia kijana wa kwaya kwamba anapiga piano pepe ni kumwambia kwamba anapepeta makapi, ilhali sauti inayotoka ni sauti, pambio analolipiga ni pambio, na wanaomsikia huimba.

Wala piano haliwezi kuokoka. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, alipokiunda chombo hicho takriban mwaka 1700, maajabu yake yalikuwa haya, kwamba kwa nguvu ya kidole mpigaji aliweza kuitoa sauti ya pole au ya kishindo, na kwa maneno mawili ya Kitaliano yenye maana hizo, pole na kishindo, chombo kikapewa jina refu ambalo baadaye lilikatwa likabaki pole peke yake. Kitufe cha kompyuta, walakini, hakijui pole wala kishindo. Kinajua kupigwa na kutopigwa, na ukikigusa kwa ncha ya ukucha au ukakishushia ngumi, sauti ni ile ile. Basi kuliita piano jambo lisiloweza kutofautisha pole na kishindo ni kulivika kilemba cha mtu mwingine. Mwenzake wa kweli ni kile kinanda kikubwa cha makanisa, ambacho nacho kidole chako kikibonda au kikipapasa, mlio haubadiliki.

Na hapo ndipo ninapolitaka neno kinanda, neno lililokuwepo pwani kabla ya umeme na kabla ya injini. Kinanda cha kale kilikuwa cha nyuzi, cha ukoo wa gambusi na kibangala cha Lamu, kikishikwa mapajani na kukwanyuliwa. Na wasomaji wa Zaburi, ambao katika Kasulu ya makanisa mengi si wachache, wanajua kuwa kinanda cha humo kina nyuzi 10. Walipokuja wamisionari na vyombo vyao vya viriba na mifua, watu hawakuitisha semina, waliviita vinanda. Ilipokuja mashine ya santuri, ambayo haina nyuzi wala mifua, na mpigaji wake hayupo hata nyumbani, waliiita kinanda cha santuri. Huku kwetu Buha, tuliopakana na Burundi, tunaijua inanga, ubao uliochongwa kama hori, ambao uzi hulazwa juu yake kwa kwenda na kurudi. Sidai kwamba inanga na kinanda walizaliwa tumbo moja, maana hati ya nasaba sinayo, lakini mzee wa Kibondo akiyasikia maneno hayo mawili hahitaji mkalimani. Neno lililomeza nyuzi, mifua na sindano ya santuri, litashindwaje kuimeza kompyuta? Kinanda halijauliza kamwe ndani ya sanduku mna nini. Limeuliza tu kama kuna anayeimba.

Likabaki la kitendo na la kibao cha vitufe, na hapa nalitetea neno ambalo si langu kwa kuzaliwa, kwani limesikika Kenya kwa miaka, lakini ni langu kwa mapenzi: kicharazio. Charaza kina kazi tatu kinywani mwa Mswahili: kupiga ala kwa ustadi, kutandika bakora bila huruma, na kumshinda mtu vibaya mchezoni, kama wasemavyo watangazaji wa mpira, na katika zote tatu mna wepesi wa mkono na mapigo yanayofuatana, na ndivyo vidole vifanyavyo juu ya herufi. Umbo lake nalo halina ila: kutokana na chuja tuna kichujio, kutokana na funga kifungio, kutokana na kaa kikalio, na kutokana na charaza kicharazio, bighairi ya mkia kukatwa.

Nililipeleka neno hili, miaka kadhaa iliyopita, mbele ya kikao ambacho staha inanizuia kukitaja, nikiwa na kurasa 9 za hoja zilizopigwa chapa kwa gharama yangu, nikasafiri siku nzima na usiku wake. Mwenyekiti alisoma ukurasa wa kwanza, akanyanyua uso, akauliza: "Kicharazio cha bakora?" Kikao kikacheka, chai ikaletwa, na kurasa 8 zilizobaki hazikufunguliwa. Sikuwa na kinyongo wakati ule, wala sinacho sasa. Ila laiti mcheshi yule angekumbuka kwamba chapa nalo ni kutandika viboko na ni kuandika kwa mashine, na kwamba serikali yetu ina Mpigachapa Mkuu ambaye hakuna anayemdhania kuwa anachapa watu.

Laiti pia wangelifungua ukurasa wa 4, wangeliona kwamba herufi na muziki ni ndugu wa zamani waliopotezana. Mwaka 1855 Giuseppe Ravizza wa Italia alipata hataza ya mashine ya kuandikia aliyoiita kwa maana ya kinanda kiandikacho, yenye vibao vya kupigwa kama vya kinanda; na mashine ambayo Christopher Sholes na wenzake wa Milwaukee, Marekani, waliipatia hataza mwaka 1868, kabla ya herufi kupangwa kwa safu tunazozijua leo, nayo ilikuwa na vibao vya namna hiyo. Mwandishi alicharaza kinanda kabla ya kucharaza barua. Kijana wa Kibondo anapopiga pambio juu ya herufi, anakirudisha kicharazio nyumbani kwao.

Ama matumizi, hayahitaji maneno mengi: katika programu nyingi za kinanda herufi A, S, D, F, G, H, J na K ndizo do, re, mi, fa, so, la, ti na do ya juu, W, E, T, Y na U ndizo sauti za vibao vyeusi, na R imerukwa kwa kuwa kati ya mi na fa hakuna kibao cheusi, Z na X hushusha na kupandisha ngazi, wajuao sauti kwa majina ya herufi wajihadhari, kwani ni F na G peke yake zinazolingana na majina yao, na vicharazio vya bei nafuu hukataa baadhi ya vitufe vitatu vikipigwa kwa pamoja, kwa hiyo wimbo ukipungukiwa sauti moja msiwalaumu waimbaji.

Wiki moja baada ya kukutana na kijana wa Kibondo, jirani na stendi ya Kasulu, niliingia steshenari kutoa nakala ya makala haya, nikamwuliza kijana wa mashine kama anajua kucharaza kinanda. Aliniuliza neno moja tu, "Kwa kompyuta, mzee?" nikamjibu naam, naye akavuta kiti akapiga, bila kutaka tafsiri. Sembuse walimu, wenye chaki na daftari! Nawasihi wa Kibondo na Kasulu waanze Jumatatu: waandike kicharazio ubaoni, waseme kucharaza kinanda, wasingoje waraka. Bao libaki na kete zake 64. Vidole vipewe kicharazio.