Walimu wa Tarumbeta: Tuliyopokea Kutoka Kambini

Katika kijitabu hiki mtasoma habari za walimu wa kwaya walioshika kijiti kwa miaka 50. Kurasa hizi chache tumezitenga kwa watu ambao picha zao si nyingi: walimu waliotufundisha kupuliza tarumbeta, tromboni na klarineti. Karibu wote walitoka jeshini au walifundishwa na aliyetoka jeshini. Baadhi yao tunawakumbuka kwa shukrani na baadhi kwa uchungu. Tunasimulia habari za pande zote mbili kwa sababu mwaka huu watoto wa Shule ya Jumapili wameomba kufundishwa, na bado tunatafuta wa kuwafundisha.

Tarumbeta ilifika pwani yetu kwa njia mbili, misheni na jeshi. Henry Morton Stanley alipopita Bagamoyo mwaka 1871, mapadre wa Roho Mtakatifu walimkaribisha, na vijana wa misheni wakampigia muziki wa Kifaransa. Misheni ile ilikuwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Huku kwetu, CMS walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875, na watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa wakawa na bendi yao. Kufikia miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wanacheza beni, ngoma iliyochukua jina lake kwa neno la Kiingereza la bendi. Walivaa sare, wakapeana vyeo, wakatembea kama gwaride.

Njia ya pili ilikuwa kambi. Mwaka 1895 Waingereza waliunda East Africa Rifles, makao yake yakiwa Mombasa. Mwaka 1902 kikosi hicho kiliunganishwa na vile vya Uganda na Nyasaland kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Mtu wa pwani aliyejua kupuliza alipata nafasi humo. Fundi Konde, mzaliwa wa Kilifi wa mwaka 1924, alipiga klarineti shuleni kwa wamisionari kabla hajajulikana kwa gitaa, na wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alikuwa katika kikosi cha burudani cha KAR. Kwa hiyo kanisa lilimpa jeshi wapulizaji, na baadaye jeshi likaturudishia walimu. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, vikosi vya 3, 5 na 11 vya KAR vikawa Kenya Rifles. Mwaka uliofuata, siku kama hiyo, likazaliwa Jeshi la Wanamaji. Kambi yake ya Mtongwe anaijua kila aliyewahi kuvuka Likoni kuja huku kusini.

Tarumbeta haikuwa ala ya kwanza ya kupulizwa Kwale. Wadigo walikuwa na nzumari katika sengenya tangu zamani, na mpiga nzumari hakuhitaji bwana kutoka ng'ambo kumfundisha pumzi. Jambo jipya la jeshi lilikuwa mpango wa kufundisha watu wengi kwa pamoja, kutoka kwenye karatasi, mpaka mtu wa Vanga na mtu wa Kisumu waweze kukaa safu moja na kupiga wimbo mmoja bila kuwahi kuonana.

Mpango huo una historia yake. Zamani vikosi vya Uingereza viliajiri mabendimasta raia, wengi wao Wajerumani na Waitaliano. Walikuwa hodari, lakini mkataba wao ulikuwa na kikosi kimoja tu, na kikosi kilipotumwa vitani wengi waliaga wakabaki nyumbani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, bendi nyingi zilikusanywa Scutari huko Uturuki kwa gwaride la siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria. Ziliambiwa zipige wimbo wa taifa pamoja, na kila moja ikaanza kwa sauti yake na kwa mpangilio wake. Aibu ya siku ile haikusahaulika. Mwaka 1857 jeshi likafungua shule ya muziki katika jumba la Kneller Hall, Twickenham, karibu na London. Ilikaa hapo hadi mwaka 2021. Aliyetaka kuwa bendimasta alisoma takriban miaka mitatu, na ilimbidi azishike ala zote za bendi, siyo ile yake peke yake, ili akiulizwa na mpigaji wa mwisho kwenye safu awe na jibu.

Lakini shule nzuri haimfanyi kila anayeingia humo kuwa mwalimu mzuri. Mkurugenzi wa kwanza wa muziki pale Kneller Hall alikuwa Henry Schallehn. Kabla ya hapo aliongoza bendi ya Crystal Palace, London, na msaidizi wake alikuwa kijana Mjerumani aitwaye August Manns. Manns alilalamika kwamba muziki alioupanga yeye ulitolewa kwa jina la mkubwa wake. Kwa malalamiko hayo akafukuzwa. Mwaka 1855 wenye jumba walimwondoa Schallehn, wakamrudisha Manns kuwa kiongozi, naye akaishika kazi ile hadi mwaka 1901. Schallehn naye hakudumu Kneller Hall. Kufikia mwaka 1859 alikuwa ameondoka. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu watu wengi hufikiri mwalimu mbaya ni yule asiyejua kazi. Schallehn aliijua kazi. Kilichoharibika kilikuwa jinsi alivyomtendea aliye chini yake.

Sasa tuje kwetu. Mwalimu wetu wa kwanza wa tarumbeta alikuwa mstaafu wa bendi ya jeshi aliyerudi kuishi kati ya Ukunda na Msambweni. Watoto walimwita Afande, naye alikataa mara moja. "Afande nimemwacha kambini. Hapa niiteni Mwalimu." Jina la Afande halikumtoka hata hivyo. Wakati huo baadhi ya waimbaji wetu walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Ramisi, na mazoezi yalifanyika jioni baada ya zamu.

Alipenda kutusimulia habari za walimu wawili waliomfundisha alipokuwa kuruta. Wa kwanza alikuwa sajini aliyepiga tarumbeta kuliko wote kambini. Kila asubuhi alimsimamisha mmoja mbele ya wenzake, akamwamuru apige, na akikosea alimgonga vidole kwa kijiti huku wengine wakiamrishwa kucheka. Mwalimu alisema makuruta walijifunza haraka sana, ila walichojifunza ni kubonyeza vitufe na kuvimbisha mashavu bila kutoa sauti. Katika bendi ya watu wengi huwezi kuonekana ukifanya hivyo. Siku ya gwaride waliokuwa wanapiga kweli walikuwa wachache, na sajini hakujua kwa nini bendi yake ilisikika nyembamba.

Wa pili alikuwa koplo, mpigaji wa kawaida tu. Huyu hakumruhusu mtu kupuliza noti ambayo hajaiimba kwanza kwa mdomo. Alianza na aliye nyuma zaidi, akakaa naye ubavuni, si mbele yake. Mtu akikosea alisema, "Rudia, nimesikia ulipopotea." Kwa upole wake wote hakuwa mlegevu. Aliyechelewa dakika moja alibaki nje, na aliyeacha ala yake chafu aliisafisha yake na ya jirani. Kwa maneno ya Mwalimu, sajini alimfundisha kuogopa tarumbeta na koplo alimfundisha kuisikia.

Alipofundisha kwetu alimfuata koplo. Sisi tuliokuwa tumezoea solfa tuliona mara moja faida ya kuimba kabla ya kupuliza, maana tena na besi zilianza kukaa mahali pake hata siku ambazo tarumbeta hazikuwepo. Vijana wenye pumzi fupi aliwatuma wakamsikilize mpiga nzumari kwenye sengenya, waone jinsi anavyovuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kupuliza, sauti isikatike. Wazee wengine wa kanisa hawakupendezwa. Yeye aliwajibu kwamba pumzi ni ya Mungu, na aliyejua kuitunza kuliko wote alikuwa jirani yetu.

Jambo jingine alilolishika ni usafi wa ala. Hapa Diani upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi haina huruma kwa shaba. Tarumbeta ikilala wiki mbili bila kupanguswa huota kutu ya kijani, na vitufe hukwama. Kila baada ya mazoezi tulimwaga mate, tukapangusa, tukatia mafuta, ndipo tukafunga kwa sala. Tarumbeta mbili za wakati ule bado zinapiga, na mtazisikia leo kwenye maandamano.

Kiwanda cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, wapigaji kadhaa walihama na familia zao kutafuta kazi. Mwalimu alibaki na wachache mpaka nguvu zikamwishia. Baada yake tulimpata mwalimu mwingine, naye pia alikuwa amepitia bendi yenye sare. Kwa vidole na mdomo alimzidi wa kwanza, na alipopiga peke yake Pasaka ya kwanza watu walisimama. Lakini karatasi za muziki alizifungia nyumbani kwake, na chati ya vidole hakumwonyesha mtu. Aliyeuliza swali aliambiwa anapoteza wakati wa wengine. Fimbo aliiweka juu ya meza, na aliitumia.

Tulichokiona baadaye kilikuwa kile kile cha kambini. Watoto waliketi wima, sare zimenyooka, mashavu yamevimba, na sauti haitoki. Mama mmoja wa sauti ya kwanza ndiye aliyegundua. Alimwomba mwanawe ampigie nyumbani wimbo wa Jumapili iliyopita, na mtoto akalia kwa sababu hakuujua hata mstari mmoja. Mwalimu yule alipopata kazi kwingine aliondoka na karatasi zake. Kikundi kilichobaki hakikuweza kupiga hata nyimbo kilizopiga mwezi uliotangulia. Kwa miaka mingi baada ya hapo ala zilikaa kabatini.

Hili ndilo tunaloliona tukitazama nyuma. Baadhi yetu husema watoto wa siku hizi hawajifunzi kwa sababu fimbo imeondolewa. Serikali ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Wanasema jeshi lilifaulu kwa fimbo. Ushahidi tulio nao kwaya hii unasema vingine. Kilicholisaidia jeshi ni saa iliyoheshimiwa, ala iliyotunzwa, karatasi iliyo wazi kwa kila mtu, na mwalimu aliyejua ala zote. Hayo yote koplo alikuwa nayo bila kumgonga mtu. Fimbo ilizaa kitu kimoja tu: wanafunzi waliojua kuficha kosa. Na kosa lililofichwa halina wa kulirekebisha.

Tena kuna muziki ambao hata bendi za jeshi zimeupokea kutoka mahali pasipo na fimbo kabisa. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano, akiwemo Thomas Kalume wa hapa pwani, lilipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa la Kenya. Kwa tuni walichagua wimbo wa akina mama Wapokomo wa Mto Tana wa kubembelezea watoto. Kila gwaride la kitaifa, askari wakiwa wamesimama wima, bendi hupiga wimbo ambao mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama aliyempakata mtoto.

Kwa hiyo tunapomtafuta mwalimu wa watoto hawa, hatutauliza kwanza amepiga katika bendi gani. Tutamwomba afundishe siku moja mbele yetu, na tutamtazama mtoto aliye nyuma kuliko wote. Je, saa ya kwenda nyumbani ikifika, mtoto huyo anapuliza, au anavimbisha mashavu? Karatasi za muziki zitakuwa mali ya kwaya na zitakaa kanisani. Na kila anayefundishwa atamfundisha mdogo wake, ili mwalimu akihama au akilala usingizi wa haki, wimbo usiondoke naye.

Kuanzia Likoni mpaka Vanga wako wastaafu wa bendi za jeshi, polisi na magereza ambao tarumbeta zao zimening'inia ukutani. Kama wewe ni mmoja wao, au unamjua jirani kama huyo, tunakualika. Mazoezi ni Jumamosi saa nane mchana. Mafuta ya vitufe tunayo, na watoto wako tayari. Walimu wetu waliotangulia, waliotufundisha kwa upendo, Mwenyezi Mungu awakumbuke kwa kila wimbo utakaopigwa leo. Amina.