Uhuru, setilaiti ya Malindi

Sisi wa Ipuli, Tabora, tumekulia kwenye historia ya misafara: pembe za ndovu mabegani mwa Wanyamwezi hadi Bagamoyo, kisha Zanzibar, kisha ng'ambo. Labda ndiyo maana kisa cha Uhuru kinanifurahisha na kunikera kwa pamoja.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, Waitaliano walirusha roketi ya Marekani kutoka jukwaa lao la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza anga kwa eksirei. Wakaiita Uhuru, neno letu kabisa. Orodha yake ya 1978 ina vyanzo 339, yakiwemo makundi ya galaksi yaliyojaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Kuyahesabu makundi hayo ni njia mojawapo ya kujua galaksi zimetawanyikaje.

Pwani ilitoa ikweta na jina. Hesabu zilifanyika Marekani. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Kenya sasa ni mshirika wa darubini ya SKA, pamoja na Zambia na Msumbiji. Tanzania, iliyopakana na zote tatu, haimo.