Kariakoo na ng'ambo ya Ruvuma

Tunapofundisha asili ya neno Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, aghalabu tunaishia Dar es Salaam. Tuvuke Ruvuma. Katika Vita Kuu ya Kwanza pwani ya Palma na Mocímboa da Praia haikuwa na reli. Wareno walipoiteka Kionga Aprili 1916, na Waingereza walipoliandama jeshi la Lettow-Vorbeck kutoka bandari ya Pemba mwaka 1918, kazi ya garimoshi ilifanywa kwa vichwa vya watu, wengi wao wakiwa wamelazimishwa. Maradhi yaliwaua wapagazi kuliko risasi. Mnara wa Nairobi unamwonyesha mpagazi sambamba na askari, na unamsifu kwa Kiswahili. Jina lake haumtaji. Wapagazi wa Wareno haukuwahusu kabisa.